Kabla Namba Yako Haijaitwa



Injili ya Jumapili hii ya tatu ya Kwaresima ni ndefu, na tunaisikiliza tukiwa wima, mguu huu ukipokezana na ule. Ni ile ya Yohane sura ya 4: kisima cha Yakobo, mwanamke Msamaria, maji ya uzima. Mahubiri yake mmeyasikia miaka mingi na leo mtayasikia tena. Mimi juma hili nimeshikwa na jambo dogo ambalo mwinjili amelitaja kwa mstari mmoja na kupita: Bwana wetu alikuwa anangoja chakula.

Wanafunzi walikuwa wameingia mjini Sikari kununua. Ilikuwa yapata saa sita, jua la utosi. Yeye alikuwa ametoka Uyahudi anakwenda Galilaya kwa miguu, amechoka, akaketi kando ya kisima. Hakuwa na miadi na mtu yeyote pale. Safari ya asubuhi imekwisha, ya mchana haijaanza, chakula hakijafika, na mwenye kiu hana hata kata ya kutekea. Ni ule muda usio na mwenyewe, ambao kila mmoja wetu anaujua. Na humo ndimo yalimotokea mazungumzo ambayo ni miongoni mwa marefu kabisa ambayo Injili zimetuhifadhia kati ya Yesu na mtu mmoja.

Angalieni pia jinsi habari inavyokwisha. Wanafunzi walikwenda Sikari wakarudi na chakula. Mwanamke aliacha mtungi wake palepale, akaenda Sikari hiyohiyo, akarudi na watu wa mji. (Leo ni Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani. Kalenda imejipanga yenyewe, mimi simo.) Wasamaria wakamwomba Yesu akae kwao, akakaa siku 2. Kungoja chakula cha mchana kumezaa kazi ya siku mbili katika nchi ambayo Myahudi hakutarajiwa hata kuomba maji.

Muda wa namna hiyo sisi tunao tele. Umeambiwa ufike kliniki saa moja na nusu. Unafika, unakuta wenzako wako pale tangu saa kumi na mbili, kadi zimepangwa mezani, na daktari yuko kwenye raundi wodini. Unakwenda ofisi ya kata, unaambiwa mtendaji ametoka kidogo, na hiyo “kidogo” hakuna asiyejua urefu wake. Gari la kwenda mjini linangoja lijae. Kikao cha harusi kimeitishwa saa kumi, na waliofika saa kumi ni mweka hazina na mgeni asiyezijua desturi zetu. Kijana amevaa shati la kupiga pasi, yuko kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha usaili, na ndani hajatoka wa kwanza. Dakika kumi hapa, nusu saa pale. Hatuziandiki popote. Jioni tukiulizwa siku ilikwendaje tutasimulia daktari alisema nini na mtendaji alitaka barua gani. Benchi halitajwi.

Basi mimi nataka nilitaje. Siku chache zilizopita nilikuwa kwenye benchi la namna hiyo, kliniki ya mifupa, nimemsindikiza mgonjwa. Mbao zake zimeng’aa kwa kukaliwa. Upande wangu wa kulia alikuwepo bibi mmoja mwenye mfuko wa rambo miguuni, ndani yake miyaa, mingine imetiwa rangi nyekundu na ya zambarau, na juu yake ukili aliokwisha kuusuka, umekunjwa mviringo. Wanaokaa pwani wanajua: mkeka haufumwi siku moja. Husukwa kwanza ukili, pima kwa pima, na ukishatosha ndipo unashonwa. Vidole vya yule bibi vilikuwa vinakwenda bila yeye kuvitazama. Aliyekuwa ananyoosha mguu uliofungwa bendeji alisogezewa nafasi. Aliyeuliza wameshaita namba ngapi alijibiwa. Mkono ulikuwa kazini, lakini macho na masikio yake yalikuwa bado ya watu wote wa benchi lile.

Mbele yetu kidogo alikuwepo mzee mwenye tasbihi, midomo ikitikisika taratibu. Mwaka huu Kwaresima yetu na Ramadhani zimekwenda pamoja, na yule mzee alikuwa na saumu. Chupa ya maji ilipopitishwa na mjukuu wa mtu, aliipokea, akaipeleka kwa anayefuata, akaendelea na dhikri yake. Sikumwuliza anasema nini na Mungu. Ila niliona kwamba hakuwa na haraka, na kwamba kungoja kwake hakukuwa na shimo katikati.

Na kushoto kwangu kijana. Bahasha kubwa ya picha ya eksirei mapajani, vidude vya kusikilizia masikioni, kidole gumba kinapandisha kioo cha simu. Video hii haijaisha, ameshairuka. Inayofuata, ameiruka. Nilitazama kwa pembeni (kosa la adabu, nakubali, lakini mwandishi wa tafakari ana ruhusa zake) na sikuona hata moja aliyoimaliza. Nesi akatokea mlangoni na faili, akaita jina. Kimya. Akaita tena. Yule bibi wa ukili akanyoosha mkono kupitia mbele yangu, akamgusa kijana bega: “Mwanangu, si wewe huyo unayeitwa?”

Ndiye yeye. Aliinuka kwa mshtuko, bahasha ikamwanguka.

Ni rahisi sana kwa padre kumgeuza kijana kama huyo kuwa somo la kuwasema vijana na simu zao. Sitaki. Nilikiona kidole kile kwa muda wa kutosha kujua kwamba hakikuwa kinastarehe. Mtu anayestarehe huchagua, hukaa, hucheka. Yule alikuwa anakimbia. Ndani ya bahasha kulikuwa na picha ya mfupa wake, na baada ya mlango ule kuna mtu atakayeishika juu ya taa na kumwambia kama atafanyiwa upasuaji au la. Simu ilikuwa mahali pa karibu pa kujificha.

Hapo ndipo nimekumbuka mtu mwingine aliyeangukia kwenye muda wa kungoja, mfalme Sauli, katika sura ya 13 ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Alikuwa Gilgali. Wafilisti wamejikusanya Mikmashi na magari ya vita. Watu wa Israeli wanajificha mapangoni, vichakani, mashimoni. Wengine wamevuka Yordani. Samweli alimpa miadi ya siku 7: ningoje, nitakuja kutoa sadaka. Sauli akangoja. Siku ya saba ikafika, Samweli haonekani, na jeshi linapungua kila akigeuka. Akaona bora afanye kitu. Akaagiza sadaka iletwe, akaitoa mwenyewe. Na Maandiko yanasema alipomaliza tu, Samweli huyo hapo.

Wahubiri wengi humhukumu Sauli kwa kuingilia kazi ya kuhani, na ni kweli. Lakini someni maelezo yake mwenyewe kwa Samweli. Haanzi na ibada. Anasema watu walikuwa wanatawanyika, na wewe hukuja, na Wafilisti wako karibu, nikajilazimisha. Sadaka yenyewe ilikuwa kitu kizuri. Ilitolewa tu ili moyo wake utulie, ili pasiwe na ule utupu wa kukaa na hofu bila kufanya lolote. Waliobaki naye walipohesabiwa baadaye walikuwa kama 600, kwa hiyo hata hesabu ya kijeshi haikunyooka.

Ndiyo maana mimi sivutwi sana na mawaidha ya siku hizi ya kutumia kila dakika. Mnayasikia kwenye semina za ujasiriamali na kwenye vipande vya video: muda ni mali, kwenye foleni sikiliza kitabu, kwenye gari jibu barua pepe, usikubali dakika ipite bure. Yana faida yake. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alitembea Uingereza nzima juu ya farasi akisoma kitabu, hatamu ameziachia zilegee, na kwa kweli alisoma mengi. Mwanafunzi anayepitia daftari lake kituoni afanye hivyo, Mungu ambariki. Lakini mtu anaweza kuijaza kila dakika na bado akawa anafanya kile alichofanya Sauli: kutoa sadaka ili asisikie hofu yake mwenyewe. Tofauti haionekani kwenye kitu kilichofanyika. Yule bibi na yule kijana wote wawili vidole vyao vilikuwa na kazi. Mmoja alisikia jina la mtu mwingine likiitwa, na mwingine hakusikia la kwake.

Nawaombeni basi, kabla ya kuuliza tufanye nini na hizo dakika, tuulize zimetukuta na nini moyoni. Kama ni hofu, itajwe mbele ya Mungu kwa jina lake: naogopa majibu, naogopa nitaambiwa nisichoweza kulipia, naogopa watanikataa tena. Somo la kwanza la leo, Kutoka sura ya 17, watu wana kiu jangwani na wanamnung’unikia Musa hadi karibu wampige mawe, wakiuliza kama Mungu yupo kati yao au hayupo. Hata manung’uniko yale Mungu aliyajibu kwa maji. Kunyamaza na kujificha ndiko kunakomwacha mtu na kiu yake.

Sasa, sala ya benchini. Wengi wananiambia: Baba, pale hapasaliki, kelele nyingi, majina yanaitwa, watoto wanalia. Ni kweli, kwa sala ndefu hapafai. Lakini Kanisa tangu zamani lina sala ya mahali kama pale. Proba, mjane tajiri wa Roma aliyekimbilia Afrika baada ya mji wake kutekwa mwaka 410, alimwandikia Agostino, askofu wa Hipo katika Algeria ya leo, akitaka kujua namna ya kusali. Katika jibu lake Agostino anamsimulia habari za ndugu wamonaki wa Misri ambao husali mara nyingi sana, lakini sala fupifupi, zinazorushwa kama mikuki, ili usikivu wa moyo usipooze kwa kurefushwa mno. Hukohuko Misri ndiko Yohane Kasiano alikojifunza kwa abate Isaka kurudia mstari wa kwanza wa Zaburi ya 70, ule wa kumwomba Mungu aje hima kusaidia, katika njaa, katika usingizi, katika hasira, katika kila hali. Ndio mstari ambao mpaka leo unafungua Masifu. Mnaujua kwa moyo. Hauhitaji kitabu wala miwani, na mtoto analia hapohapo.

Mfano wangu mkubwa wa sala hiyo ni Nehemia. Mfalme Artashasta amemwona ana uso wa huzuni, amemwuliza unataka nini. Kati ya swali na jibu kuna nafasi kiasi gani? Pumzi moja. Nehemia anasema alimwomba Mungu wa mbinguni, kisha akamjibu mfalme. Huo ndio muda mfupi kuliko yote ya kungojea miadi katika Biblia nzima, na alipata kusali ndani yake. Lakini msikose kusoma sura iliyotangulia. Habari za Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu, na mbele ya mfalme alisimama mwezi wa Nisani, miezi kama minne baadaye, na tangu siku ile alikuwa analia, anafunga na kuomba. Pumzi moja ilitosha kwa sababu ile miezi ilikuwepo. Anayesali asubuhi nyumbani hata kwa dakika chache ndiye atakayekuwa na neno mdomoni saa tatu kwenye benchi. Asiyesali kabisa asitegemee kwamba foleni itamfundisha.

Na mwombeeni mtu mnayekwenda kuonana naye. Daktari huyo ameamka saa ngapi, ameona wangapi kabla yenu, nyumbani kwake kukoje? Mtendaji huyo, huyo mwenye kupanga usaili, huyo mwalimu mkuu aliyekuita kuhusu mwanao. Ukimtaja mtu mbele ya Mungu kabla hujagonga mlango wake, hutaingia ukiwa umekunja ngumi.

Mtu anaweza kusema hizi ni habari za dakika kumi, zina uzito gani? Nitamtaja Kardinali François-Xavier Nguyễn Văn Thuận wa Vietnam, kwa sababu yeye kungoja kwake kulikuwa kwa aina nyingine kabisa. Alikamatwa tarehe 15 Agosti 1975, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, akakaa kizuizini miaka 13, na 9 kati ya hiyo peke yake. Hakuwa na hukumu iliyomwambia siku ya kutoka. Mwenyewe alieleza baadaye uamuzi wake wa mwanzoni kabisa: kwamba hatangoja. Ataishi siku iliyopo na kuijaza upendo, maana akiishi kwa kungoja mlango ufunguliwe huenda maisha yake yote yakawa ni kungoja. Akamwomba mtoto wa miaka saba ampatie kalenda kuukuu, akawa anaandika usiku nyuma ya karatasi zake maneno kwa waamini wake, na mtoto anazipeleka nyumbani ndugu zake wazinakili. Misa aliadhimisha kiganjani, matone matatu ya divai na tone moja la maji. Divai ilimfikia kwa jina la dawa ya tumbo. Alitoka Novemba 1988 na akafa Roma mwaka 2002. Yule aliyekataa kungoja ndiye mtu ninayemwamini akinifundisha kungoja.

Narudi Sikari, kwa sababu sala haikuwa jambo la kwanza tunaloliona pale. La kwanza ni kwamba Yesu alimwona aliyekuja. Na jinsi alivyoanza inanifurahisha kila mwaka: aliomba msaada. Nipe maji. Hakuanza kwa kumpa mwanamke mafundisho, wala kumwuliza habari za waume. Alijiweka chini yake kwa kuhitaji kitu alichokuwa nacho. Sisi tukitaka kumfikia jirani kwenye benchi huwa tunaanzia juu: tunamwuliza anaumwa nini, tunampa ushauri wa dawa za miti shamba, tunamwambia tulimjua mtu mwenye shida kama yake na tunamalizia kwa kusema alikufa. Ugonjwa wa mtu ni siri yake. Nesi hauulizi mbele za watu, na sisi tusiulize. Lakini kuna maneno ya kuanzia ambayo hayamvui mtu nguo. Shikamoo, bibi. Samahani dada, hapa wanaita kwa namba au kwa majina? Nishikie nafasi, nakwenda msalani mara moja. Mtu aliyekuja peke yake kutoka kijijini, asiyejua aingie mlango gani, akiombwa kushika nafasi ameshakuwa mwenyeji. Mengine akitaka atayasema mwenyewe, na hapo kazi yetu ni kusikiliza. Namba yako ikiitwa kabla hajamaliza, mwulize jina lake la kumwombea. Atalitaja. Sijaona anayekataa.

Simu nayo ina kazi yake, maana nisingependa mtu atoke hapa akidhani nimeitangazia vita. Wote tunajua mazishi yetu yalivyo: siku tatu nyumba imejaa, majamvi yametandazwa, wali unapikwa, michango inasomwa. Mwezi wa tatu au wa nne mjane yuko peke yake na hakuna anayepiga hodi. Wakati huo ndio wa kutuma ujumbe. Uwe mfupi tu: mama, leo nimemkumbuka marehemu, nimewasalia ninyi wote. Ni kazi ya dakika mbili kwenye kituo cha basi, na kwa anayeupokea ni ushahidi kwamba mume wake hajasahauliwa mjini. Kila mmoja wetu ana mtu kama huyo kwenye simu yake, jina analolipita kila siku akitafuta jingine. Kuna pia yule mliyekosana kwenye kikao cha jumuiya. Kuna mwanao wa bweni ambaye humpigii mpaka aombe ada. Bando lipo.

Halafu kuna waliochoka. Mama aliyeamka saa kumi usiku, akateka maji, akawaandaa watoto wa shule, akapanda magari mawili kuja kliniki na mgongoni ana mtoto mwenye homa, huyo mimi simpi programu yoyote. Akae. Aegemee ukuta, afumbe macho. Yohane anatuambia kwa nini Yesu aliketi kisimani, na sababu aliyoitoa ni uchovu. Eliya alilala chini ya mretemu akitaka kufa, na malaika hakumletea maonyo; alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Anayekaa jirani na mama huyo ndiye mwenye kazi: amsikilizie namba.

Kuna upande mwingine wa benchi ambao tafakari za uvumilivu huusahau, nao ni upande wa mlango. Kungoja kwetu kwingine kumeletwa na upungufu wa kweli: daktari mmoja, wagonjwa wengi, umeme umekatika, mashine moja ya wilaya nzima. Kwingine kumeletwa na mtu. Katika Matendo ya Mitume sura ya 24, liwali Feliki alimweka Paulo kizuizini Kaisaria. Akamwita, akamsikiliza akizungumza juu ya haki na kiasi na hukumu inayokuja, akaogopa, akamrudisha akisema atamwita akipata nafasi. Na Luka, ambaye hana tabia ya kusengenya, anatuandikia alichokuwa anakingoja liwali: alitumaini Paulo atampa fedha. Kwa hiyo akawa anamwita mara kwa mara, wanazungumza, na faili haliendi. Miaka 2. Alipohamishwa akamwacha kifungoni. Nadhani hakuna haja ya kuwaeleza wasomaji wangu mtu wa namna hii anafananaje, kiti chake kikoje na maneno gani anayatumia.

Parokiani mwetu wamo wakuu wa ofisi, wauguzi, walimu, makarani, mafundi cherehani walioahidi gauni la ubarikio liwe tayari Ijumaa. Tumo na sisi mapadre, ambao waamini hutungoja kwenye kitubio na kwenye sebule za wagonjwa. Nusu saa unayomweka mtu bila sababu umeitoa kwenye maisha yake. Hutaweza kumrudishia, na ukifika kiyama haitafaa kusema ilikuwa ni kusubiri tu. Kama kuna sababu, isemwe. Toka mlangoni, waambie watu: daktari ameitwa chumba cha upasuaji, atachukua saa nzima, aliye na safari ya kwenda kunywa chai aende. Hilo halihitaji bajeti. Watu wakijua urefu wa muda wao wataweza kuutumia. Wasipojua wanabaki wamekodolea mlango macho, na hakuna sala wala ukili unaosukika katika hali hiyo. Majitoleo ya Kwaresima kwa mwenye ofisi yangeweza kuanzia hapo, hata kabla ya kuacha nyama.

Kuna swali moja ambalo huwa naulizwa na wanaojaribu kusali rozari kwenye foleni: nikiitwa katikati ya fumbo nifanye nini, nimalize kwanza? Kesho, Machi 9, Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Fransiska wa Roma, na yeye ana jibu. Alizaliwa mwaka 1384, akaolewa akiwa msichana mdogo, akalea watoto, akaendesha nyumba kubwa yenye watumishi, akawahudumia wagonjwa wa tauni, na baadaye akaanzisha jumuiya ya wanawake waliojitoa kwa Mungu bila kuingia utawani. Inasimuliwa kwamba siku moja, akisali Masifu ya Bikira Maria, aliitwa mara nne kwenye mstari mmoja huohuo, na mara zote nne alifunga kitabu akaenda bila kunung’unika. Aliporudi mara ya mwisho, hadithi inasema, aliukuta mstari ule umeandikwa kwa dhahabu. Kuhusu dhahabu kila mtu aamini anavyoweza. Kuhusu kufunga kitabu na kwenda, nina hakika. Kwa hiyo ukiwa kwenye Salamu Maria ya sita na nesi akatokea na faili lako, inuka uende. Nne zilizobaki utazimalizia kwenye dirisha la dawa, ambako, kama tunavyokufahamu, hutakosa muda.